Kipimo cha Nani? Historia ya Uchunguzi wa Makuzi ya Mtoto, kutoka Nariokotome hadi Kilifi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi makuzi ya watoto wadogo yalivyopimwa katika Afrika Mashariki, na hasa matatizo ya lugha yaliyoandamana na upimaji huo. Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini jarida la lugha za Kiafrika, kwa kuwa kupima watoto ni kazi ya waganga na wauguzi. Jawabu letu ni kwamba kila kipimo cha mtoto kimeundwa kwa maneno. Mama huulizwa kwa maneno, naye hujibu kwa maneno. Mtoto huamriwa kwa maneno, na matokeo yake huandikwa kwa maneno. Maneno yakipotoka, kipimo nacho hupotoka, na anayeumia ni mtoto.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze istilahi. Kazi tunayoizungumzia ni ile ya kuwatazama watoto wengi kwa muda mfupi, ili kuwabaini wachache ambao huenda wamechelewa katika kutembea, kusema, kusikia au kuelewa, kisha wapelekwe kwa mtaalamu awachunguze kwa kina. Baadhi ya wafasiri wameiita kazi hiyo "uchujaji". Neno hili halitufai. Mwenye kuchuja tui huhifadhi tui na kutupa machicha. Na mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amechujwa, hana budi kuuliza kama mwanawe ni tui au machicha. Kwa hiyo sisi tutatumia "uchunguzi wa awali", kwa kuwa kuchunguza ni kutazama kwa makini bila ya kutupa kitu.

Tumechagua kuanzia Nariokotome, mahali palipo magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini ya mbali kutoka Lodwar. Sababu yake itadhihirika hivi punde.

2. Mtoto wa Nariokotome na swali la umri

Mnamo Agosti 1984 Kamoya Kimeu, kiongozi wa kundi la Wakenya waliokuwa hodari wa kutafuta visukuku, aliokota kipande kidogo cha fuvu karibu na mto mkavu wa Nariokotome. Yeye na wenzake walikuwa wakifanya kazi pamoja na Richard Leakey na Alan Walker. Kipande hicho kilikuwa na rangi moja na changarawe zilizokizunguka, na mtu mwingine angalikipita. Uchimbaji uliofuata ulifukua mifupa karibu yote ya mvulana mmoja aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya alipewa namba KNM-WT 15000, lakini wengi humjua kwa jina la Mvulana wa Turkana.

Wataalamu walipotaka kujua mvulana huyo alikufa akiwa na umri gani, walikutana na mashaka makubwa. Walipoyalinganisha meno yake na ya watoto wa leo, walimkadiria miaka kama 11. Walipoilinganisha mifupa yake, walipata miaka kama 13. Walipokitazama kimo chake, ambacho kilikaribia sentimita 160, waliona kwamba kingemfaa kijana wa miaka 15. Mtoto alikuwa mmoja, na umri ulikuwa mitatu. Baadaye ilipatikana njia ya kuhesabu mistari midogo inayojengeka ndani ya meno siku baada ya siku, na uchunguzi wa Christopher Dean na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001 na kuendelezwa baadaye, ulionyesha kwamba yumkini alikuwa na miaka 8 tu.

Kosa la mwanzo halikutokana na uzembe. Lilitokana na kumpima mtoto mmoja kwa kigezo cha watoto wengine, waliokua kwa mwendo mwingine. Meno, mifupa na kimo chake havikufuatana kama vinavyofuatana kwa mtoto wa leo. Ilipasa kwanza kuujua mwendo wake mwenyewe wa kukua, ndipo iulizwe kama alikuwa mbele au nyuma. Hatudai hata kidogo kwamba watoto wa Turkana wa leo ni wa jamii nyingine ya viumbe. Watoto wote wa leo ni wa jamii moja. Tunalolichukua ni fundisho la njia: mpimaji asiyekihoji kigezo chake huweza kumwongezea mtoto miaka mitatu, mitano, hata saba.

3. Umri usioandikwa

Karibu kila kipimo cha makuzi huanza na swali moja: mtoto ana miezi mingapi? Bila ya jibu la swali hilo, hatuwezi kusema kama amechelewa. Mtoto wa miezi 12 asiyetembea hana neno. Mtoto wa miezi 24 asiyetembea anahitaji kutazamwa.

Katika maboma ya wafugaji ambako mtoto amezaliwa mbali na zahanati, tarehe ya kuzaliwa huenda isiandikwe popote. Hii si kusema kwamba umri wake haujulikani. Waturkana huwapa watoto majina yenye kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa: Lokiru kwa mvulana na Nakiru kwa msichana ni majina yatokanayo na mvua. Miaka nayo hupewa majina kwa yale yaliyotukia. Ukame mkali wa mwaka 1979 hadi 1981, uliofagia mifugo ya watu wengi, waliuita Lopiar, nao wazee huutaja kama sisi tunavyotaja namba ya mwaka. Mama anajua mwanawe alizaliwa kabla ya mvua ipi, baada ya kuhama kutoka malisho yapi, na ni mtoto wa nani aliyezaliwa siku chache mbele yake.

Wahesabuji wa watu na wapimaji wa lishe waliligundua jambo hili zamani, wakatunga kalenda za matukio, yaani orodha za mvua, njaa, maradhi na safari zinazokumbukwa mahali fulani, ili kugeuza kumbukumbu ya mama kuwa miezi. Kalenda hizo hazifai isipokuwa zimetungwa mahali pale pale. Kalenda ya Lodwar mjini huenda isimsaidie mama wa Nariokotome, kwa kuwa mvua ya huku si lazima iwe imenyesha kule. Na mpimaji anayekosea miezi mitatu kwa mtoto wa mwaka mmoja amekosea robo nzima ya maisha yake. Hivyo kosa la kalenda hugeuka kuwa kosa la hukumu: mtoto mzima huitwa mgonjwa, au mgonjwa huitwa mzima.

4. Wapimaji wa kwanza: Kampala na Bonde la Ufa

Upimaji wa kitaalamu ulianza Afrika Mashariki katika miaka ya 1950. Mwaka 1957 Marcelle Geber, Mfaransa, pamoja na R.F.A. Dean, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kampala kwa majaribio yaliyotungwa Marekani na Arnold Gesell. Waliona kwamba watoto wachanga wa Kiganda walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya katika kuinua kichwa, kukaa na kusimama, na kwamba tofauti hiyo ilipungua baadaye, katika umri wa kuachishwa ziwa. Habari hiyo ilizua mabishano makubwa. Wengine waliona kwamba Mwafrika huzaliwa na maumbile ya kuwahi. Wengine walikosoa njia za upimaji zenyewe. Geber mwenyewe alikuwa ameona jambo la maana: watoto wa Kiganda waliolelewa kwa desturi za Kizungu, wakilazwa vitandani mwao peke yao, hawakuwahi kama wenzao waliobebwa mgongoni.

Jawabu bora lilitoka kwa Charles Super, aliyefanya kazi miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, na ambaye alichapisha makala yake mwaka 1976. Super hakuridhika na kuuliza kama mtoto amewahi; aliuliza amewahi katika lipi. Akaona kwamba watoto wa Kokwet waliwatangulia watoto wa Marekani katika kukaa, kusimama na kutembea, lakini hawakuwatangulia katika kutambaa wala katika kuinua kichwa wakiwa wamelala kifudifudi. Sababu yake ilikuwa wazi. Akina mama wa Kokwet waliwafundisha watoto wao kukaa na kutembea kwa makusudi, na lugha yao ilikuwa na maneno maalumu ya mafunzo hayo. Hapakuwa na haja ya kumfundisha mtoto kutambaa. Miaka hiyo hiyo Philip na Janet Kilbride walionyesha kwamba Waganda nao humzoeza mtoto kukaa mapema, kwa sababu ya heshima inayoambatana na ukaaji.

Hapa mwanafunzi wa lugha anapata ushahidi wa thamani. Palipo na neno, aghalabu pana zoezi. Na palipo na zoezi, mtoto huwahi. Kiswahili chenyewe kina mfano. Tunatofautisha kutambaa, ambako mtoto hutumia mikono na magoti, na kusota, ambako huenda kwa kutumia makalio. Tuna neno la pekee kwa kile kisimamo cha kwanza cha kuyumbayumba: mtoto husimama dede. Mfasiri asiyeyajua maneno haya ataandika "kusimama" mahali pote, na mama atajibu "ndiyo" kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Ni vema kuongeza kwamba Shirika la Afya Duniani, lilipochapisha mwaka 2006 hatua 6 za mwendo wa mtoto baada ya kuwafuata watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, liliona kwamba watoto 4.3 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, nao hawakuwa na kasoro yoyote. Kutembea peke yake kulitokea wakati wowote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Kwa hiyo hata miongoni mwa watoto wenye afya na lishe njema njia ya kukua ni pana, na mpimaji hana ruhusa ya kuifanya uzi mwembamba.

5. Kipimo cha Denver na sarufi ya mtoto

Mwaka 1967 William Frankenburg na Josiah Dodds walitoa kipimo kilichopata umaarufu kuliko vyote, kilichoundwa kwa kuwapima watoto 1,036 wa mji wa Denver nchini Marekani. Kilikuwa rahisi kutumia, kikaenea duniani. Lakini mtoto wa Denver alikuwamo katika kila swali lake. Mtoto aliulizwa kama anaweza kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Aliwekewa zabibu kavu ili mpimaji aone kama anaweza kuishika kwa ncha ya kidole gumba na kidole cha shahada. Katika boma la Kiturkana baiskeli hiyo haipo, wala zabibu. Punje ya mtama ipo, na mtoto huiokota kila siku. Uwezo wa vidole ni ule ule. Kilichobadilika ni kitu kilichowekwa mbele ya mtoto. Hata hivyo, mtoto asiyeijua zabibu huenda asiiguse, na mpimaji ataandika kwamba hawezi.

Hayo ni makosa ya vitu, na ni rahisi kuyasahihisha. Makosa ya sarufi yamejificha zaidi. Vipimo vilivyotungwa kwa Kiingereza huuliza kama mtoto ameanza kuunganisha maneno mawili. Kwa Kiingereza hilo ni swali la maana, kwa kuwa kuunganisha maneno ndiyo njia ya kuunda sentensi. Lakini mtoto wa Kiswahili asemaye "nakitaka" amekwisha kutaja mtenda, wakati, mtendwa na tendo, naye ametamka neno moja tu. Je, ahesabiwe kuwa nyuma ya Mwingereza mdogo aliyesema "mpira zaidi"? Vivyo hivyo kwa wingi. Mtoto wa Kiingereza huongeza sauti moja mwishoni mwa neno. Mtoto wa Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, akasema kiti na viti, mtu na watu, na papo hapo lazima ajifunze kwamba nyumba haibadiliki. Kuulizwa "wingi wa nyumba ni nini" ni mtego, si kipimo.

Katika Kiturkana, ambacho wenyewe hukiita Ngaturkana, jambo ni gumu zaidi. Sarufi iliyochapishwa na Gerrit Dimmendaal mwaka 1983 inaonyesha lugha yenye jinsi tatu za nomino: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo hii wala ile, ambayo hutumika mara nyingi kwa vidogo na vichanga. Mtoto ni ikoku, na watoto ni ngide. Mzizi wote umebadilika. Aidha, irabu za mwisho wa maneno mengi hutamkwa bila ghuna, kama mnong'ono. Mpimaji mgeni hazisikii. Ataandika kwamba mtoto anakata maneno, kumbe mtoto ametamka sawasawa na sikio la mpimaji ndilo lililokata.

Hata lugha moja haina mtoto wa namna moja. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba watoto hao mara nyingine huacha kiambishi cha mtenda, lakini watu wazima wa Nairobi nao hukiacha. Anayempima mtoto huyo kwa Kiswahili Sanifu anampima kwa lugha ambayo mtoto hajapata kuisikia nyumbani.

6. Mizani na chakula

Mambo haya yanaweza kuonekana kuwa ya darasani. Katika Turkana si ya darasani, kwa maana kipimo huamua nani apewe chakula.

Baada ya mwaka 1978 vigezo vya uzito na kimo vilivyotumika ulimwenguni vilitokana na watoto wa Marekani, na vya watoto wachanga vilitokana na watoto wa jimbo la Ohio ambao wengi wao walinyonyeshwa kwa chupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mara baada ya Lopiar, Michael Little na wenzake waliwapima Waturkana wahamaji, wakaona umbo ambalo vigezo hivyo havikulitazamia: watoto warefu, wembamba, wasio na mafuta mengi, ambao kimo chao hakikuwa mbali na cha Wamarekani bali uzito wao ulikuwa chini sana. Ujana wao nao ulikwenda polepole. Wengi waliendelea kurefuka kupita umri ambao kijana wa Marekani amekwisha kukoma.

Je, wembamba huu ni umbo la watu wa nchi kavu wenye miguu mirefu, au ni njaa? Jawabu la kweli ni kwamba ni yote mawili, na kazi ya mpimaji ni kuyatenganisha. Akisema "ni njaa" kwa kila mwembamba, atawaita wagonjwa watoto wengi walio wazima, na chakula kichache kitagawanywa vibaya. Akisema "ndivyo walivyo", atamwacha mtoto anayekufa kwa utapiamlo, huku akijisifu kwamba anaheshimu mila. Ndiyo sababu wauguzi hutumia pia utepe wa kupima mzingo wa mkono, ambao haudanganywi na urefu wa miguu kama mizani inavyodanganywa. Vigezo vipya vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa nchi 6, zikiwamo Ghana na Oman, na hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini havikulimaliza swali hili.

7. Kilifi, Malawi, na swali la kulinganisha

Mwaka 1984, ule ule ambao Kamoya Kimeu aliokota kipande chake cha fuvu, mambo mengine mawili yalitukia yanayohusu makala haya. Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu kwa ajili ya elimu. Na matokeo ya kwanza ya kimataifa ya kipimo kiitwacho Maswali Kumi yalichapishwa. Kipimo hicho humuuliza mzazi maswali 10 tu kuhusu mtoto wake wa miaka 2 hadi 9, kama vile juu ya kusikia, kuona, kusema, kuelewa na kifafa. Uzuri wake umo katika maneno machache: "ukimlinganisha na watoto wengine". Hakimuulizi mama kama mwanawe anafanana na mtoto wa Denver. Kinamwomba amlinganishe na watoto anaowaona kila siku, wanaobeba maji ya umri wao na kuchunga mbuzi wa umri wao. Kigezo kimo ndani ya kijiji chenyewe.

Maswali hayo yalijaribiwa Kilifi, katika pwani ya Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Hapo Kilifi, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989, ndipo palipotungwa pia kipimo cha kwetu. Mwaka 2008 Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walichapisha tathmini ya Kipimo cha Makuzi cha Kilifi, kinachotazama mwendo wa mwili na ushirikiano wa macho na mikono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vifaa na michezo ambayo watoto wa Kimijikenda wanaijua. Baadaye zilitungwa orodha za maneno ya kwanza ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, ambazo mama asiyejua kusoma aliweza kuulizwa kwa mdomo.

Nchini Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walichapisha mwaka 2010 kipimo kilichojengwa juu ya watoto 1,426 wa vijijini. Kabla ya kukitunga waliwauliza wanakijiji wenyewe mtoto anayekua vema ni wa namna gani. Robert Serpell alikwisha kuonyesha zamani, miongoni mwa Wachewa wa Zambia, kwamba watu wazima wakitaja akili ya mtoto hawataji wepesi wa kufikiri peke yake, bali hutaja pia kama mtoto anaweza kutumwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mtoto anayetumika ni mtoto anayesikia, anayeelewa, anayekumbuka, anayeijua njia, na asiyekula sukari aliyotumwa kuileta. Hayo ni mambo matano katika jaribio moja, na kila mama wa Lamu au wa Nariokotome hulifanya kila asubuhi bila ya karatasi.

8. Mila nayo ihojiwe

Tungekuwa tunamdanganya msomaji kama tungesema kwamba kila cha nyumbani ni chema. Babu zetu nao walikuwa na vipimo vyao, na vingine vilikuwa vikali. Katika sehemu za pwani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahofiwa kuwa mleta nuksi, na zamani kuna waliopoteza maisha kwa ajili ya imani hiyo. Huo nao ulikuwa uchunguzi wa makuzi, wenye kigezo kinachoeleweka na kila mtu kijijini. Kueleweka hakukuufanya kuwa wa haki.

Kadhalika, lugha zetu zina maneno ya kuwaita watoto waliochelewa: taahira, punguani, zezeta. Mfasiri wa Maswali Kumi akifika kwenye swali la kumi, linalouliza kama mtoto amebaki nyuma kiakili, na akachukua neno la kwanza lililo karibu, basi mama atakana, si kwa sababu jambo halipo bali kwa sababu hakuna mama atakayempachika mwanawe tusi mbele ya mgeni. Mtoto aliyeharibiwa ubongo na malaria kali, au yule asiyesikia, atarudi nyumbani bila msaada kwa sababu ya neno moja lililochaguliwa vibaya. Ni afadhali kuuliza: "Je, huchelewa kujifunza mambo ambayo wenzake wa rika lake wamekwisha kuyajua?" Swali ni refu, lakini mama atalijibu.

9. Kiswahili kama mgeni

Hatuna budi sasa kujihoji wenyewe. Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea kukiona kuwa ndicho kinga dhidi ya vipimo vya kigeni. Kipimo kikifasiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, tunahesabu kwamba kimekuja nyumbani. Katika Kilifi hilo ni nusu ya kweli, na ndiyo maana watafiti walihitaji Kigiriama pia. Katika Nariokotome si kweli hata kidogo. Mtoto wa miaka miwili katika boma la huko hana Kiswahili. Kwake Kiswahili ni lugha ya ofisi, ya duka na ya askari, na mtoto anayeamriwa kwa lugha hiyo na mtu mgeni atamkimbilia mama yake. Mpimaji akiandika kwamba hakuelewa amri, amekipima Kiswahili cha mtoto, si akili yake.

Huko Kakuma hali ni ya namna nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani sasa ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Miongoni mwao wamo watoto wa Kikongo ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, lakini ni Kiswahili cha mashariki ya Kongo, chenye matamshi, msamiati na sarufi yake. Kwa hiyo katika zahanati moja Kiswahili Sanifu huweza kuwa kigeni mara mbili: kwa mtoto wa Kiturkana asiyekijua, na kwa mtoto wa Kikongo anayekijua kwa namna nyingine.

10. Hitimisho

Tulianza na mvulana aliyepewa umri wa aina tatu kwa sababu alipimwa kwa mwendo usio wake. Alikuwa amekwisha kufa kwa miaka milioni moja na nusu, na kosa hilo halikumdhuru; wanasayansi walipata nafasi ya kulisahihisha kwa utulivu. Watoto walio hai hawana nafasi hiyo. Miaka mitano ya kwanza haisubiri makala ya pili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mtoto asiyesikia anayebainiwa akiwa na mwaka mmoja ana matumaini ambayo yule wa miaka saba ameyakosa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa idara za lugha. Kwanza, wanaisimu wakusanye kutoka kwa akina mama wenyewe maneno ya hatua za ukuaji katika lugha zisizo na orodha hizo, Ngaturkana ikiwa mojawapo, kabla ya mfasiri yeyote kushika kalamu. Pili, kila kipimo cha usemi kijengwe juu ya sarufi ya lugha inayopimwa, si juu ya tafsiri ya sarufi ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Tatu, kipimo kikishatungwa kijaribiwe mahali kitakapotumika, na wale walioonekana kuwa nyuma wachunguzwe kwa kina, ili ijulikane ni wangapi walikuwa nyuma kweli na ni wangapi walirudishwa nyuma na maneno yetu.

Waganga hawawezi kuifanya kazi hii peke yao, kwa kuwa hawakufundishwa kusikiliza irabu isiyo na ghuna. Sisi tulifundishwa.